Athari Ndogo Nne

Kwa jina la Mola aliyelipimia kila tone la mvua njia yake naanza, na rehema zimfikie Mtume aliyeitukuza haki ya jirani.

Kwanza niwapange watu. Mwalimu Eufrazia, mjane kutoka Bukoba, alistaafu kufundisha hesabu. Nyumba yake iko chini kabisa ya bonde letu huku Bunju, kando ya kijito. Fakihi, mwalimu wa madrasa, anakaa juu, ukuta kwa ukuta na kiwanja kinachotakiwa kujazwa kifusi ili lijengwe ghala. Edgar ni mtaalamu aliyeajiriwa na mwenye ghala kuandika ripoti ya mazingira. Salumu ni mwenyekiti wa mtaa.

Maghala manne yalikwisha kujengwa upande wa juu wa kijito hicho. Kila moja liliandikiwa ripoti yake, na kila ripoti ilisema athari ni ndogo. Tangu hapo, kila masika kijito hushuka kimevimba na kuumega ukingo wa Eufrazia. Mwaka jana kilichukua jiko. Sasa ufa umefika chini ya dirisha la chumba anacholala. Ghala la tano likijengwa, nyumba ile haitaiona masika nyingine.

Asubuhi ya mkutano wa majirani kuitilia saini ripoti ya ghala la tano, ofisi ya mtaa ilijaa. Eufrazia aliponyoosha mkono kuipokea kalamu, Edgar aliivuta karatasi kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Samahani, hii ni ya majirani wa mradi. Mwisho mita mia mbili. Wewe uko mita mia saba."

"Marahaba. Na maji umeyaambia yaishie mia mbili?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mama, mie napima kiwanja hiki tu. Athari yake ni ndogo."

"Ndogo! La kwanza ndogo, la pili ndogo, la tatu ndogo, la nne ndogo. Nimefundisha kujumlisha miaka thelathini na mmoja, baba. Jiko langu limekwenda na ndogo ipi?"

Edgar akamsogezea Fakihi karatasi. "Sheikh, wewe ni jirani halali. Saini hapa."

Fakihi aliisoma yote, polepole, hata Salumu akaanza kukohoa.

"Mwanangu, sisi tumefundishwa kuwa ujirani ni nyumba arobaini kila upande. Nikihesabu kuteremka, mwalimu ni wa thelathini na sita. Nikitia jina langu hapa, nimemtoa katika ujirani kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hiyo ni dini, Sheikh."

"Basi iache dini, ukifuate kijito. Lichukue bonde zima, tangu chemchemi hadi baharini. Maghala manne na hilo lako uyapime kwa pamoja. Ukimaliza, leta karatasi."

"Hiyo ni tathmini ya eneo zima. Ni kazi ya serikali, si ya mteja wangu."

"Hewaa! Kumbe jina lake unalijua."

Salumu akaingilia. "Sheikh, usitukwamishe. Bila saini ripoti haiendi."

"Basi isiende."

Karatasi ikazunguka. Kila jirani halali aliipokea, akaitazama, akaipitisha. Vaileth, muuza mkaa, akainua chupa ya soda waliyogawiwa mkutanoni: "Soda nakunywa, saini sitoi!"

Ilipomrudia Salumu haikuwa na saini hata moja. Alijifuta jasho, akaandika chini: *Majirani wamekataa kutia saini mpaka bonde zima lipimwe kwa pamoja.*

"Ongeza," akasema Eufrazia, "na walio chini wahesabiwe."

Akaongeza, akagonga muhuri. Edgar aliikunja karatasi, akaondoka bila kuaga.

Jibu la ripoti hiyo halijaja. Kifusi hakijamwagwa, na Eufrazia hajahama, ingawa ufa ulioletwa na yale maghala manne haujakoma kupanuka.

Ee Mwenye kushusha mvua, wahifadhi waliobaki ukingoni, aliye Mwislamu na aliye Mkristo. Uwathibitishie ardhi chini ya miguu yao, na uzifanye imara ndimi zao mbele ya kila atakayewaambia kuwa hawamo katika hesabu. Amina.