Nani Alimuua Bwana Zahoro

Ninalala. Najua ninalala kwa sababu nimeshiba ugali wa Jumapili kupita kiasi, nimejitupa kwenye kochi la marehemu baba, na dada yangu Kabula anaosha vyombo uani huku akinisema kwamba mwanamume mzima haachi sahani mezani, na sauti yake inakwenda mbali, inazidi kwenda, mpaka kochi linakuwa barabara nami natembea juu yake. Barabara haina mwisho. Kila kona inanipa hamu ya kona inayofuata, na ndivyo zilivyokuwa jioni zetu za Tabora nilipokuwa na miaka tisa, baba akiwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, akirudi na karatasi zilizoharibika mashineni ili atusomee riwaya ya upelelezi sura kwa sura. Bwana Zahoro kakutwa chumbani amekufa, mlango umefungwa kwa ndani, chai yake bado inatoa mvuke. Nani kamuua? Baba anafika pale kitasa kinapoanza kuzunguka polepole, halafu anakunja karatasi na kusema inatosha kwa leo, nasi tunamng'ang'ania miguu, na yeye anacheka. Riwaya ile ilikatika bila mwisho. Baba hakututajia muuaji hata siku moja, na mwezi wa tatu tumemzika na siri yake. Hilo ndilo lililonileta huku. Nataka jina tu, nipumzike.

Naingia mji ambao kuta zake zote ni vioo. Mjane wa Zahoro anapita akilia, na kwenye kioo anapita akicheka. Mpishi anaficha kisu ndani ya kanzu, namkimbilia, namkamata, kumbe kisu cha vitunguu, bado kina maganda. Nimedanganyika kama nilivyodanganyika utotoni, na raha ninayoisikia ni ile ile. Lo, nimeikosa raha hii miaka mingi sana! Pembeni yangu anasimama mtu asiye na uso, laini pote, anasema yeye ndiye mwenyeji wa wageni. Namuuliza, ndugu, muuaji ni nani? Anayeonwa na wote haonwi na mtu, ananijibu. Yuko wapi? Ulimsalimia ukurasa wa kwanza. Nitamfikia lini? Akisubiriwa yupo, akifika hayupo tena. Wacha mafumbo, namwambia, mimi nimetoka mbali. Anatikisika mabega bila mdomo wa kuchekea, ananyoosha mkono kwenye mlango, na kila nikipiga hatua mlango nao unarudi nyuma hatua moja, mpaka nachoka, nasimama, na ndipo wenyewe unanijia.

Ndani wamekaa wote kwenye viti, mjane, mpishi, daktari wa familia, na Inspekta Kidubo, mpelelezi wa riwaya ile, amesimama katikati, tayari kumtaja muuaji. Anakohoa. Anakunywa maji. Anakwenda dirishani, anarudi, anafuta miwani. Muuaji, anasema, yumo humu ndani, kisha anaanza kufuta miwani upya. Sema basi, bwana, unatuua! Anageuka, naye ni baba, na shati lake la kazini, na ninapoipokea mikono yake kumwamkia naona vidole ni safi, havina hata doa la wino. Shikamoo baba. Marahaba, Masanja. Baba, nani alimuua? Sijui, mwanangu. Hujui vipi, na wewe ndiye uliyekuwa unasoma? Kiwanda kilifungwa tukiwa sura ya sita, anasema. Zile karatasi nyingine zilikuwa tupu. Asubuhi nilikuwa naaga nakwenda kazini, nazunguka mjini kutafuta kibarua, na jioni narudi natunga njiani. Kitasa kile hata mimi sikujua kinazungushwa na nani, ndiyo maana niliishia pale. Ningemkamata muuaji mngedai riwaya nyingine, na ningeitoa wapi? Nataka kumkasirikia, nashindwa. Nampenda kuliko nilivyowahi kumpenda akiwa hai. Basi maliza wewe, ananiambia, umeshakuwa mtu mzima. Na jina ninalo, limeshafika kwenye ulimi, lakini naona nikilitaja watu watainuka, viti vitaondolewa, na baba atakwenda nao. Nalimeza. Watu wote wanatusubiri na sisi tunatazamana.

Nafumbua macho. Kabula amesimama mbele ya kochi, mikono imelowa. Namwambia, baba mwenyewe hakumjua muuaji. Kakwambia nani? Kaniambia yeye, sasa hivi. Anakaa taratibu kwenye mkono wa kochi. Zile karatasi nilikuwa nazifagia mimi, anasema, nyeupe pande zote mbili. Mbona hukusema, dada? Ningesemaje, Masanja, na wewe kila jioni ulikuwa unamkimbilia hadi njiani? Na mama je? Mama alijua kabla yangu. Basi ni mimi peke yangu niliyekuwa sijui. Nataka kumuuliza zaidi, lakini namwona vizuri sasa, na ni msichana wa miaka kumi na miwili, na miguu yangu haifiki sakafuni, na sijui kama nimeamka au ndiyo kwanza nasinzia. Nje mtu anafungua mlango wa uani. Kabula ananiwekea kidole mdomoni, nisije nikamwonyesha baba kwamba najua. Naruka kutoka kwenye kochi, nakimbia kumpokea.