Mgonjwa wa Picha

Bi Povu alingoja mvuke ujae chumba cha kufulia ndipo akageukia ukuta, akapandisha gauni la kazi na kubadili kitambaa. Kile alichokitoa alikitumbukiza katika beseni la mashuka ya wodi ya wazazi. Hiyo ndiyo nafuu ya kufua hospitalini: damu yako haina wa kuiuliza. Hata mumewe nyumbani hakujua.

Hedhi ilimkoma zamani, kabla mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa. Iliporudi, alimwambia mwenzake wa pasi peke yake, naye akapiga vigelegele.

"Haya, mwari wetu! Sisi tunazeeka, wewe unarudi kuwa msichana. Huyo mzee wako anakulisha nini?"

Wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Naye Bi Povu, masikini, akafurahi. Siku ile alijipaka wanja. Miezi ikapita, damu ikaanza kunuka, kiuno kikawa kinamkata, na bado akajiambia kuwa ni ujana. Nani angemwambia vingine? Hospitali ile ilikuwa na mafunzo kwa kila mtu isipokuwa waliokuwa wakiifulia.

Ndipo asubuhi moja, akikusanya mashuka machafu, akamsikia muuguzi akizungumza na wanawake kwenye mabenchi.

"Hedhi ikishakoma mwaka mzima, damu haitakiwi kuonekana tena. Hata tone. Ukiliona, usingoje maumivu, usimwulize shoga yako. Njoo upimwe. Si lazima iwe saratani, lakini ikiwa ndiyo, ikiwahiwa inatibika."

Aliyaacha mashuka palepale. Alikwenda moja kwa moja kwa matroni, mkuu wa wauguzi na wafuaji.

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa Jumanne, nionwe kliniki ya wanawake."

"Jumanne?" Matroni hakuinua macho. "Jumanne si ndiyo siku ya mashuka ya upasuaji? Unataka watu wapasuliwe juu ya magunia?"

"Kliniki yenyewe ni Jumanne tu, mama."

"Basi subiri. Tunafungua chumba kipya cha uchunguzi, kitafanya kazi kila siku. Kwani una nini?"

"Natoka damu."

"Mwanamke gani hatoki damu?"

Matroni naye alikuwa mwanamke, tena aliyesomea uuguzi.

Bi Povu akasubiri. Siku ya ufunguzi ilipofika, mgeni rasmi alikuja na wapiga picha wake. Chumba kilinukia rangi mbichi. Kitanda kilikuwapo, pazia lilikuwapo, taa kubwa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mgonjwa, maana wanawake wa mabenchini walikataa kupigwa picha wamelazwa. Matroni alimvuta Bi Povu kutoka kwenye beseni, akamvika gauni safi la wagonjwa.

"Lala hapo. Tabasamu. Kidogo bwana, hapa si harusini!"

Akalala. Daktari akasimama kando yake na glavu mpya mikononi, mgeni rasmi akamwekea mkono begani. Kamera zikammulika usoni. Tangu aanze kazi pale hakuwahi kuwa karibu na daktari namna ile.

"Daktari," alinong'ona, "mimi mgonjwa kweli. Damu ilikoma, imerudi, inanuka."

Tabasamu la daktari likanyauka. "Tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita."

"Usiinuke. Wakitoka nitakupima."

Matumaini yakampanda. Lakini mgeni rasmi alikuwa ameshageuka mlangoni. "Daktari, twende, chakula kinapoa!"

Daktari akamtazama matroni. Matroni akaitazama taa.

"Hiyo inarudi upasuaji sasa hivi, tumeiazima tu," alisema. "Na vifaa vya kupimia bado havijaletwa."

Daktari akavua glavu ambazo hazijamgusa mtu. "Njoo Jumanne, mama," alisema, akawafuata wenzake.

Bi Povu alipoinuka, kitandani palikuwa na doa.

"Shuka jipya hili!" matroni alifoka. "Kalifue kabla doa halijashika!"

Jumanne ile hakupewa ruhusa. Wala iliyofuata. Lakini picha yake, kubwa kuliko mlango, ilitundikwa langoni mwa hospitali, na maandishi mekundu chini yake: DAMU BAADA YA HEDHI KUKOMA SI KAWAIDA. WAHI MAPEMA.

Mama mmoja aliyeshikwa mkono na mkaza mwanawe alimsimamisha uani.

"Dada, si wewe yule wa langoni? Na mimi shida yangu ni hiyohiyo. Alhamdulillahi, wewe wamekutibu. Nielekeze hicho chumba."

Bi Povu alijitazama. Alikuwa amekonda, gauni la kazi likimpwaya. Akautua mzigo wa mashuka, akamshika yule mama mkono, akampeleka hadi mlango wa chumba kipya. Akakitikisa kitasa. Kimefungwa. Akakitikisa tena.

"Nani huyo anatuvunjia mlango?" sauti ya matroni ilitoka ofisini.

Wanawake wa mabenchini wakageuka. Damu ilikuwa ikimchuruzika mguuni na kuingia ndani ya ndala, na mara hii hakuificha. Alikunja ngumi zote mbili, akaendelea kuugonga mlango.