Boga Lililonyooshewa Kidole

...kidole kizima, kimenyooka kama msumari, tena kidole cha shahada, si dole gumba juu ya ngumi iliyofumbwa kama wenye adabu zao wanavyoonyesha kitu, jirani Rubiah kakipitisha juu ya uzio akakielekeza pale pale chini ya jani, na Saodah amechuchumaa na kopo lake la maji anamtazama tu, mdomo wazi, maana kidole kikishatoka kimetoka, na boga changa likinyooshewa kidole linaoza kikonyo na kudondoka, hilo hata watoto wa chekechea wa kijiji hiki wanalijua, Saodah mwenyewe mama yake alimng'atisha vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kuondoa nuksi, siku aliyonyooshea kidole mamumunye ya bibi, na mamumunye yakadondoka vilevile, mawili... au walikuwa panya, sasa akikumbuka vizuri mwaka ule panya walikuwa wengi mno... "Kak Odah, hilo si boga? Na juzi uliniambia humu hamna kitu," anasema Rubiah, Kak ndiyo dada kwao, naye hakujaliwa kunong'ona huyu mwanamke, akikusalimu wewe wanaitikia wavunaji wa mpunga ng'ambo ya mfereji, na dirisha la jikoni liko wazi, na nyuma ya dirisha, kwenye kiti chake cha plastiki, amekaa Mansor, mumewe.

Na Mansor ndiye hasa asiyetakiwa kusikia, si leo, si kabla boga halijafika ukubwa wa kichwa cha mtoto, kwa sasa ni ngumi tu, ngumi ya Saodah na si ya mwanamume, kijani lenye mistari, na kile kiua kimeshanyauka puani mwake... bustani ni ya Mansor, kila tuta hapa kalipiga yeye, kila kamba ya kunde kaifunga yeye, mpaka siku ile kiharusi kilipompiga hapa hapa kati ya bilinganya na manjano, akabaki ameshika jembe kwa mkono mmoja na mwingine unaning'inia, na tangu hapo ni kiti na ukuta, nesi wa zahanati kaja mara tatu, kasema mguu unaweza, mzee ni wewe tu, tembea, fimbo hii hapa, na yeye anamtazama nesi kama anayesikiliza habari za nchi nyingine, neno moja tu alilitoa kwa mdomo wake uliokwenda upande, kwamba siku boga litakapopatikana atatoka alikate mwenyewe, lipikwe la tui. Basi Saodah akaishika bustani. Ee, akaishika kweli, yeye ambaye maisha yake yote alizijua mboga zikiwa sufuriani, na bustani ikamfanya kichekesho, mafuriko ya mwisho wa mwaka yakalala juu ya kunde siku nne, konokono wakamaliza pilipili, mchicha ukaliwa na kuku wa huyu huyu Rubiah, wakaja na watoto wao kama wamealikwa karamu, na kila asubuhi Mansor anainua nyusi kuuliza, na kila asubuhi yeye anasema bado, Abang, mume wangu, bado kidogo... kwa sababu akimwambia lipo, kisha likadondoka, hatainuka tena pale kitini, hilo analijua kama anavyoujua unyayo wake, mwanamume ana ahadi moja tu iliyombakia na boga ni hilo hilo moja.

"Mbona umeninyamazia?" Rubiah anauliza, kidole bado kiko nje... na maua ya boga hilo yalivyomtesa, wiki tatu madume matupu, kuchanua na kujishaua asubuhi, jua likipanda yamenyong'onyea, mfano wa wanaume wa pale kwenye mkahawa, hata akayatukana, ndipo siku moja akaliona jike, kiboga kidogo kama punje ya njugu shingoni mwa ua, na nyuki hayupo hata mmoja, akakumbuka Mansor alivyokuwa akifanya, akachuma dume moja, akalivua petali zake, akalisugulia kwenye jike, bismillahi, nakuozesha, mahari ni samadi ya kuku, na akacheka peke yake uani kama mwehu, kadhi wa mboga, mara ya kwanza kucheka tangu kiharusi... alicheka, ndiyo, halafu akanyamaza haraka akatazama huku na huku, akakata jani la mgomba akalifunika, na jioni ile kwenye mkeka wa sala, alipofika pa kushukuru, alipita. Alipita mbio. Aliomba ya mguu, akaomba ya mvua, boga hakulitaja.

Sasa hilo ndilo nini? Alimwogopa nani pale mkekani? Rubiah hakuwepo, kuku hawakuwepo, alikuwa yeye na Mola wake tu, na boga akalificha, kama vile Mungu naye ana kijicho, kama vile akisikia asante atashtuka aseme kumbe yule bibi kapata kitu, nendeni mkakichukue... Astaghfirullah, Odah, miezi yote hii unamsalia Mungu huku unamfichia mboga, aliyeileta ni nani? Aliyelitunza jana, na juzi, na usiku ule wa upepo uliong'oa bati la choo, jani la mgomba? Jani lenyewe lilipeperuka, alilikuta kwenye mfereji ule, na boga lipo... na Mansor yupo, hilo pia hajalishukuru, nusu ya mwili imekataa lakini nusu inainua nyusi kila asubuhi, wajane wangapi wa kijiji hiki wangetoa bangili zao wapate nyusi mbili tu za kuwauliza mboga imezaa... na kitu kinamjia, si huzuni, anajijua, ni kile kitu kingine, kile cha siku ya harusi, kinachokuja na machozi yake na kicheko chake kwa pamoja.

"Ya Rabbi," anasema Rubiah, sasa ndiyo kajiona, anakitazama kidole chake kama si chake, kisha anakitia mdomoni anakiuma, anauma na cha pili, na cha tatu, na huku anaomba radhi kwa mdomo uliojaa vidole, hakukusudia, amefurahi tu, yeye naye kila asubuhi anachungulia kama kuna kilichoota, aliona haya kuuliza kwa sababu ya wale kuku... kumbe. Kumbe alikuwa akichungulia kwa hilo. Na Saodah anautazama mkono wake mwenyewe, wa kulia, una udongo kwenye kucha, na kidole hiki cha pili, ndicho hiki mama alichomng'atisha kwa nguvu kuliko vingine, na ndicho hiki anachokiinua kila anapokaa tahiyatu, mara tisa kwa siku tangu ana miaka saba, kushuhudia kuwa ni Mmoja, kitashuhudia Mungu halafu kiozeshe boga? Kazi mbili hizo kidole kimoja hakiwezi, lazima moja iwe ya uongo.

Anakinyoosha. Kimenyooka chote, chini ya jani, mpaka kinagusa ile ngozi baridi yenye mistari, na moyo unamwenda mbio, asiseme mtu kwamba hauendi, likidondoka litadondoka na atalia, lakini atakuwa ameshukuru likiwa hai. "Alhamdulillah," anasema, kwa sauti, Rubiah mwenyewe anaacha kuuma. Kopo bado limejaa, magoti yanauma vilevile, boga ni ngumi ile ile.

"Abang," anaita, bila kugeuka, "lipo. Moja."

Kuku wa Rubiah wanaparua. Kisha ile sauti, nzito, ya upande, ambayo tangu siku ya ile ahadi haijatoa neno, "Kubwa kiasi gani?"

Na Saodah, kidole bado juu ya boga, anasema, "Njoo uone mwenyewe. Fimbo iko nyuma ya mlango."