Namba ya Nyumbani

Lori la mumewe lilipogeuka jekundu kwenye kompyuta, Mama Pacha aliisogeza skrini kidogo upande wa ukuta ili isionekane kutoka mlangoni.

Malori yote ya kampuni yalionekana mle kama vitone. Kinachotembea kijani, kilichosimama chekundu. Kazi yake ilikuwa kuvilinda vile vyekundu: akikiona kimoja, ainue simu ya ofisi, ampigie dereva na kumuuliza kulikoni. Gari likisimama ni hasara, ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza. La kufanya dereva akiwa baba wa watoto wake, hilo hakufundishwa.

Baba Pacha alikuwa ameegesha karibu na mizani ya kupimia malori barabarani. Alikuwa ameshusha mzigo mpakani, akapakiwa saruji papo hapo na kugeuzwa, bila kugusa kitanda, na huo ulikuwa usiku wa pili. Alfajiri alimpigia mkewe kwa sauti nzito.

"Nikifika mizani nitajinyoosha kidogo. Macho yananichoma. Simu ya ofisi sipokei, usininunie. Ya kwako nitapokea, maana najua hiyo ni nyumbani, ni watoto."

"Lala," alimjibu. "Mimi nipo."

Basi alikaa akikitazama kitone chake na kusikia raha ya wizi, kama kwamba amemfunika mumewe shuka mbele ya watu na hakuna aliyemwona.

Meneja wa safari aliingia na kikombe cha chai. Aliigeuza skrini kwa kidole kimoja.

"Huyu vipi?"

"Labda ni foleni ya mizani, bosi."

"Foleni gani? Wenzake wote wamepita. Umempigia?"

"Nimempigia, hapokei," alidanganya.

Meneja akainua simu ya ofisi, akapiga mwenyewe, akaiweka sauti ya juu, ikaita mpaka ikakatika.

"Mteja ananipigia mimi. Tajiri mwenye malori ananipigia mimi. Mimi nimpigie nani?"

"Bosi, hajalala tangu juzi. Akipata japo saa moja..."

"Kwani kampuni hii nani analala? Mimi nimelala?" Alikunywa chai. "Mpigie kwa simu yako."

"Yangu?"

"Ya mke haikataliwi. Au nimwambie Tajiri kwamba unamfichia mumeo gari? Atawarudisha nyumbani wote wawili, mkalale vizuri."

Mke na mume walikula chungu kimoja, na chungu chenyewe kilikuwa cha Tajiri. Kodi, ada za pacha, dawa za mama mkwe, vyote vilitoka humo. Mama Pacha alitoa simu mkobani, akapiga huku akiomba isipokelewe.

Haikuita mara mbili.

"Watoto wana nini?"

"Hawajambo. Ni... ofisi wanasema uondoke."

Alimsikia akikohoa, kisha injini ikanguruma. Hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi kuliko tusi.

"Sawa," alisema. "Lakini usikate. Niongeleshe mpaka macho yafunguke."

Meneja alitikisa kichwa, ameridhika, akatoka na kikombe chake. Mama Pacha akaongea. Alimsimulia habari za pacha mmoja aliyeng'oka jino akalificha chini ya godoro ili mwenzake asimcheke. Alimsimulia mama mkwe alivyogombana na muuza mkaa. Baba Pacha aliitikia ehe, ehe. Kisha ehe zikaanza kuchelewa.

"Baba Pacha! Nimesema nini?"

"Jino."

"Jino lilishapita, mwenzangu, tuko kwenye mkaa."

Akacheka, na yeye akacheka. Akaendelea: muuza mkaa amekuja na mizani yake mbovu, mama mkwe kalishika gunia. Hakusikia ehe. Alisikia honi ya gari jingine, ndefu, halafu mlio ambao hakuwahi kuusikia maishani, na baada yake hakusikia kitu. Aliendelea kuita jina lake mpaka wa chumba cha pili wakaja.

Hospitalini alimkuta na mguu kwenye plasta na mkono kwenye pingu, pingu imefungwa kwenye chuma cha kitanda. Watu watatu waliokuwa kwenye pikapu aliyoigonga, wanatoka sokoni, walikufa palepale. Baba Pacha aliuliza kama wameshazikwa, kisha akageukia ukutani.

Meneja alikuwa kwenye korido na mfuko wa matunda, pole ya Tajiri. Pembeni yake alisimama askari mpelelezi.

"Dereva alikuwa anaongea na simu?" askari aliuliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Na nani?"

"Na mimi. Ofisi ndiyo iliyoniambia nimpigie."

"Ulimpigia kwa simu ya ofisi?"

"Kwa yangu."

"Afande," Meneja aliingilia kwa upole, "sisi tunakataza kabisa dereva kuongea na simu akiendesha. Kila gari lina kibandiko. Ila mambo ya mtu na mkewe, tutayaingilia wapi?"

"Si wewe ulinisimamia!" Mama Pacha alipiga kelele. "Ulisema ya mke haikataliwi!"

"Ana uchungu," Meneja alimwambia askari. "Tumwelewe."

Askari alimwelewa, akafunga kalamu yake. Jioni redio ikatangaza ajali ya dereva aliyekuwa akipiga soga na mkewe. Kesho yake bombani wanawake walimpisha njia, na si kwa heshima. Mama mkwe hakugomba. Aliuliza tu, "Hukuweza kusubiri arudi?"

Tajiri alituma salamu kwamba kampuni haimtupi mtu, arudi kazini. Akarudi. Mwenye nguvu mpishe. Na chakula cha mumewe, mgonjwa na mahabusu, nani angekipeleka?

Meneja alimpokea na utaratibu mpya. Ofisi haitampigia tena dereva aliye safarini, ni hatari, hata polisi wameshauri. Kitone kikiwa chekundu, atampigia mke wa dereva. Mke ndiye atakayempigia mumewe.

"Sisi hapo hatumo," Meneja alisema.

Asubuhi ile ile kitone cha dereva waliyemwita Mjomba kikasimama. Mkewe alipokea kwa furaha.

"Mama Pacha! Pole, dada yangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mumeo amesimama njiani, dada. Wanaomba umwamshe."

"Ndiyo kwanza amejilaza, maskini, ameniambia hata ya ofisi hapokei. Nimwamshe nimwambie nini?"

Meneja alikuwa nyuma ya kiti. Aliinama kwenye sikio lake la pili.

"Amwambie mtoto anaumwa."

Mama Pacha aliichukia sauti yake kabla haijatoka.

"Mwambie mtoto anaumwa."

Mwanamke akaangua kicheko. "Mtoto yupi tena? Huyu hapa anaruka kamba, buheri wa afya! Hebu msalimie mwenyewe."

Simu ilikwaruza, ikabadilisha mkono.

"Shikamoo, mama," mtoto alisema, anahema kwa mchezo.

Mama Pacha alikitazama kitone chekundu.

"Harakisha," Meneja alisema.