Kengele za Mkono wa Kulia

Mwaka wa 2002 Wekoye alikuwa na mkono wa kulia uliozungumziwa na Kitale nzima. Kitale nzima maana yake ni kocha Hiram, wazee wanne wa klabu, na ng'ombe aliyezoea kulala kando ya uwanja. Lakini Wekoye akiukunjua huo mkono, mpira ulipita ukivuma hadi ng'ombe akainuka.

Hiram alishapanga mambo. Oktoba kulikuwa na mashindano Nairobi. Akifanya vizuri, kijana angeanza kucheza tenisi ya kulipwa. Shida ilikuwa Agosti. Wekoye alikuwa na miaka kumi na saba na hajatahiriwa, na kwao Bungoma jando huja Agosti, tena mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Akiukosa huu, angeitwa mtoto na wadogo zake hadi 2004.

"Nenda," Hiram alimwambia. "Kidonda kitapona. Lakini zile kengele gonga na kushoto peke yake. Kulia ni ya raketi, umesikia?"

Kengele zenyewe huitwa chinyimba. Kijana huzunguka kwa jamaa akiwaalika, anacheza huku akigonga kengele ya chuma kwenye bangili nzito iliyo kifundoni mwa mkono, mkono huu na huu, kutwa nzima.

Wekoye alianza kwa utiifu. Kushoto kuligonga, kulia kukaning'inia kama shati kwenye kamba. Alipofika Kamukuywa kwa shangazi yake Agneta, mama mwenye ulimi usiojua likizo, alipokelewa na mikono kiunoni.

"Ati huyu ni wetu? Mbona anafukuza nzi?"

"Shangazi, kocha alisema..."

"Kocha ndiye atakusimamia mbele ya kisu? Kama mkono mmoja umelala, si na wewe ulale tu, bana!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Wekoye angestahimili kuchapwa seti mbili bila jibu, lakini si kicheko kile. Akaivaa bangili ya pili mkono wa kulia. Akagonga. Wakamshangilia, na hapo ndipo alipojimaliza, kwa sababu sifa zilimkolea. Wenzake walialika jamaa wa karibu wakarudi nyumbani. Yeye alimtafuta mpaka mjomba wa Mabanga ambaye mama yake mwenyewe alikuwa amemsahau. Kifundo kikavimba kama kiazi. Akakifunga kitambaa, akaendelea kugonga.

Mbele ya kisu hakupepesa jicho. Kidonda kikapona vizuri kabisa. Kifundo kikakataa.

Nairobi alijikaza akapita. Kwa miaka minne akalipwa kucheza, Kampala, Dar, kokote tiketi ya basi ilikofika. Seti ya kwanza watu waliuliza jina lake. Ya pili kifundo kiliwaka moto, mipira ikawaendea watazamaji, na hakuna aliyeuliza tena.

"Nilikuzidishia mazoezi ukiwa mdogo," Hiram alimwambia siku walipozitundika raketi. "Kosa ni langu."

Wekoye akainama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Agosti ya 2008, akiwa sasa anawafundisha wake wa maofisa wa Kitale kushika raketi, alikwenda kumsalimu Agneta. Ua ulijaa vijana wa kengele.

"Mwoneni huyu!" shangazi akawaambia. "Aligonga hadi mbwa wa Mabanga wakahama. Mkono wa chuma! Halafu tenisi ikamharibia."

Akamletea chai, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Wekoye akanyoosha mkono wa kushoto.

"Wee! Unapokea na kushoto kwangu? Adabu umeiacha Kitale?"

Akapokea na kulia. Kikombe kikatetemeka, chai ikamwagika kwenye suruali, na vijana wakasahau kengele zao wakamkodolea macho.

"Pole, mwanangu," Agneta akasema, sauti imeshuka. "Ni hiyo tenisi, sivyo?"

"Ni hiyo, shangazi," Wekoye akajibu, akainywa upesi iliyobaki kabla nayo haijamwagika.