Mbili, Mbili, Moja, Tisa

Kuna kitendawili nilikitunga nikiwa nimelala kifudifudi, mguu unaning'inia ukingoni mwa kitanda cha kliniki: humpiga asiye na kosa, na mpigwa hushukuru. Msihangaike, jibu nawapa bure. Ni mashine ya mawimbi ya mshtuko. Wanakupaka jeli ya baridi kwenye kisigino, wanakuwekea ncha ya chuma, halafu inakugonga ta-ta-ta-ta mara elfu mbili mpaka meno yanasikia. Wanasema ukano, ile kamba ya nyama inayoshika msuli na mfupa, ukiwa umechakaa ukigongwa hivyo huamka ukaanza kujitengeneza.

Ukano wangu uliochakaa ni wa kisigino cha kulia, mguu wa kukanyagia cherehani. Miaka arobaini na moja nimekanyaga. Baba wa mwanangu alipofariki, ni cherehani ile iliyomvisha mtoto na kumlisha. Ndiyo maana sikuamini masikio yangu mtoto huyohuyo, sasa na mvi zake, aliponiona asubuhi nachechemea nimeshika ukuta, akasema:

"Mama, tujaribu matibabu. Yasiposaidia, cherehani inaondoka. Shemeji yangu anaihitaji."

"Inaondoka inakwenda wapi? Ina miguu minne, lakini sijawahi kuiona ikitembea."

"Sifanyi mzaha, mama."

Basi nikaenda kliniki. Wengine huenda kutibiwa. Mimi nilikwenda kuitetea cherehani yangu.

Mtaalamu wa viungo alikuwa binti mwenye mikono ya moto na maneno laini. Mwanangu alikaa kwenye kiti cha pembeni, anachezea funguo za gari.

"Bibi, nitabonyeza polepole," binti alisema. "Nikifika panapouma zaidi, niambie. Halafu unipe namba. Sifuri, hakuna maumivu. Kumi, huwezi kuvumilia. Mashine hii haina macho, bibi. Inaongozwa na mdomo wako."

Akabonyeza. Alipofika upande wa ndani wa kisigino, niliona nyota mchana kweupe. Nikasikia funguo zikilia mkononi mwa mwanangu.

"Ni hapa?"

"Hapo pa kawaida tu. Sogea nje kidogo."

"Namba?"

"Mbili."

Mimi nilifundwa kwamba mwanamke anayepiga kelele akijifungua anamwaibisha mama yake. Nimezaa nimeuma kanga. Sasa kisigino kingenitoa sauti?

Binti akapiga pale nilipomwelekeza, pasipouma. Akaniandika mbili kwenye kadi, akanikataza kukanyaga cherehani kwa siku mbili. Mchana uleule nilikuwa nakunja pindo za mapazia ya jirani, mwanangu apite aone mama yake mzima.

Wiki ya pili nikasema mbili. Ya tatu nikasema moja, nikajiona mjanja kuliko sungura.

"Unaona?" nilimwambia mwanangu kwenye gari. "Nimeanza kupona."

"Mbona unapanda ngazi kwa matako, mama?"

"Ndivyo wazee wanavyopanda."

Wiki ya nne mguu ulikataa kabisa kukanyaga chini. Binti aliugeuza, akatazama, akakunja uso. Safari hii hakungoja mdomo wangu. Aliisogeza ncha ya chuma mwenyewe, upande wa ndani.

"Uuwi! Tisa! Tisa, mjukuu wangu, niache!"

Mashine ikazimwa. Binti akasoma kadi kwa sauti ndogo: mbili, mbili, moja, tisa.

"Kwa hiyo mmemharibu zaidi," mwanangu alisema.

"Hawajaniharibu," nikasema. "Nilidanganya. Ilikuwa tisa tangu siku ya kwanza, na sikumwonyesha panapouma."

"Ulidanganya lini, mama? Wiki zile tatu, au sasa hivi ili usinyang'anywe cherehani?"

Mwongo hata akisema kweli, nani atamwamini?

"Tunaweza kuanza upya," binti alisema. "Sasa napajua mahali. Bibi akipumzisha mguu..."

"Atapumzika, usiwe na wasiwasi," mwanangu alijibu, akanivalisha kiatu mwenyewe, taratibu, akafunga na kamba. Hasira ningeiweza. Ule upole ndio ulionimaliza.

Kesho yake walikuja vijana wawili wa shemeji yake. Niliwaambia washike chini, wasivute kwa meza. Hata bobini iliyokuwa na uzi wa buluu ilikwenda nayo.

Miezi miwili baadaye mwanangu alinirudisha kliniki kukaguliwa. Binti akabonyeza pote.

"Namba, bibi?"

"Sifuri."

Akanitazama machoni.

"Ya kweli, mjukuu wangu. Kimepona. Hakina kazi, kwa nini kisipone?"

"Si nilisema?" mwanangu akacheka, amefurahi kutoka moyoni. "Dawa ilikuwa kupumzika."

Binti hakucheka. Alinifuta kisigino ingawa hakukuwa na jeli.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega, bibi."

"Miguu minne imeondoka, nyayo nne zimebaki."

Akafikiri. "Kitanda?"

"Wapi."

"Meza? Mbuzi?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua mji wowote, bibi, hata huu. Niambie jibu."

Nikaona akilini mashimo manne kwenye sakafu ya chumba changu, chini ya dirisha, ambayo nayazunguka kila nikifagia. Mwanangu alishasimama mlangoni, funguo zinalia.

"Twende, mama. Mwache dada wa watu, ana wagonjwa."

Nikavaa kiatu. Mguu haukuuma popote.

"Mjukuu wangu, muulize huyo," nikasema. "Jibu analo yeye."