Nahodha Aliyerudi Nyuma

Redio ya chumba cha kufulia ilining'inia kwenye msumari juu ya rafu ya sabuni, imevishwa mfuko wa nailoni isinywe mvuke, na kila Ijumaa saa nane mchana, saa ya chai, ndiyo iliyokuwa bosi. Mashine za kufulia zilinyamazishwa. Roli tu, ile ya kupigia pasi mashuka ya hoteli, iliachwa izunguke taratibu, maana roli ikiwa ya moto haisimamishwi. Ukiisimamisha, kitambaa chake kizito kinaungua, na kila kilichomo kinaungua nacho. Hilo lilikuwa somo la kwanza la kila mgeni wa mle ndani, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo.

Mchezo wa redio ulikuwa wa nahodha mmoja mwanamke na chombo chake cha kusafiria kati ya nyota. Ijumaa hiyo mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Fundi wake kijana alikuwa ametoka nje ya chombo kutengeneza bawa, mvua ya mawe ya angani ikaanza, na nahodha, badala ya kukimbiza chombo, akakigeuza akamfuata. Kijana aliokolewa, miguu yake haikuokolewa. Na mbegu walizokuwa wakizipeleka kwenye sayari yenye njaa zikaungua zote. Sasa nahodha amesimama mbele ya baraza la wakubwa. Kabla ya safari alikuwa ameahidiwa kupandishwa cheo awe mkuu wa vyombo vyote. Je, bado anastahili? Mtangazaji aliuliza kwa sauti ya kubembeleza, muziki ukalia, basi, mpaka Ijumaa ijayo.

"Cheo gani," alisema dereva wa gari la nguo, akitafuna mkate. "Huyo mimi singempa hata mkokoteni."

"Wewe tumekupa gari zima," alimjibu Bi Mikunjo, aliyekuwa akikunja mashuka ya hoteli ile tangu hoteli yenyewe haijafunguliwa ghorofa ya pili, "na lango lote limejaa rangi ya gari lako."

Wakacheka. Mama Chiriku alicheka kuliko wote, kikombe kikimtikisika mkononi, na wifi yake aliyekaa ubavuni akamshikia asijimwagie.

Alimshikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikaa mapajani, vidole vimejikunja kwa ndani, ngozi inang'aa kama plastiki iliyopitiwa na moto. Roli ndiyo iliyomfanya hivyo. Siku ile mkono wa nguo yake ulinaswa na shuka, shuka likavuta nguo, nguo ikavuta mkono, na Mama Chiriku aliyekuwa upande wa pili akarukia kile chuma chekundu cha kusimamishia akaning'inia hapo kwa uzito wake wote. Roli ilisimama. Kitambaa kiliungua, mashuka ya wageni wa mkutano yakaungua, na kwa wiki kadhaa hoteli nzima ilipigiwa pasi kwa mkono. Bosi hakumfokea. Alisema tu, "Tutaona," na neno hilo Mama Chiriku alitembea nalo tangu siku ile kama mwiba wa unyayoni.

Wifi yake huyu ndiye aliyemwombea kazi pale. Alikuwa dada wa mumewe, mkubwa, hana mtoto, na Jumapili zake zote zilikuwa za Chiriku. Ule mkono mbovu aliuita kaa. Kaa alitembea juu ya meza, akapanda bega la mtoto, akamfinya sikio, na mtoto akacheka mpaka akapaliwa. Kazini kaa hakuwa na la kuchekesha. Wifi alipewa kukunja taulo ndogo za mikono, na hata hizo zilimshinda kasi.

Zamu yao ilianza adhuhuri ikaishia usiku. Baba yake Chiriku naye alirudi usiku, hivyo mtoto alilala kwa jirani karibu kila siku ya wiki. Juzi juzi, Mama Chiriku alipomfuata, mtoto alimganda jirani shingoni akamwita mama. Jirani alicheka kwa aibu. Mama Chiriku naye akacheka, akafika nyumbani, akabandika maji ya kuoga, akayaacha mpaka yakakauka sufuriani.

Ndiyo maana alikitaka kiti cha kiongozi wa zamu ya asubuhi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kiti kilikuwa wazi. Ukikikalia, saa tisa uko nyumbani, mwanao yuko macho. Bosi alikwisha sema anatafuta mtu wa kichwa baridi.

Na sasa Bosi mwenyewe aliingia, kikombe chenye kifuniko mkononi. Hakuwa mtu wa makelele. Alisema na wafanyakazi wake kama mtu anayemwongelesha mgonjwa.

"Nami nilikuwa nasikiliza kule ofisini," alisema. "Naona mnajadili bila utaratibu. Leteni mabeseni."

Huo ulikuwa mtindo wao wa siku zote. Pakiwa na ubishi, mabeseni mawili yanawekwa sakafuni, kila mtu anachukua kibanio cha nguo, na baada ya kusikiliza anakitupa upande anaoukubali. Walikwisha pigia vibanio mambo ya kila namna, kuanzia nani anakoroma mpaka kama dereva aoe.

Bosi alivuta kiti akakaa kinyumenyume, kidevu juu ya mgongo wa kiti. "Atetewe na mmoja, apingwe na mmoja. Taulo," alimwita wifi kwa jina alilompa tangu ahamishwe, "wewe mtetee nahodha. Na wewe, Mama Chiriku, mpinge. Nataka kuona nani ana kichwa."

Alilitamka neno kichwa huku akimtazama yeye. Mama Chiriku aliweka kikombe chini. Huu si mchezo, alijiambia. Huu ndio usaili wenyewe.

Wifi alisimama, kaa kamficha ndani ya aproni.

"Mimi si msemaji," alianza. "Mtanisamehe. Nasema anastahili. Mtu akiwa kule nje, akaona taa za chombo zinaondoka, hajui kama zitageuka. Anahesabu kwamba ndiyo basi tena. Mimi habari hiyo naijua kidogo." Hapo alimgeukia Mama Chiriku akamtabasamia. "Zikigeuka, basi aliyezigeuza mpeni anachotaka. Mpeni cheo. Mpeni na nyota yenyewe akae juu yake. Nimemaliza, Bosi."

Kila aliyekuwa mle alielewa anamwombea nani. Bi Mikunjo alijipangusa jicho kwa ncha ya shuka la watu. Mama Chiriku alielewa pia, ila alielewa kama mtu anayesikia mlango ukigongwa huku yuko bafuni. Macho yake yalikuwa kwa Bosi, na Bosi alikuwa akipiga miayo.

Mama Chiriku alisimama.

"Huyo kijana ana mama, sawa," alisema. "Na wale wenye njaa kwenye sayari, wao walizaliwa na mawe?"

Dereva akacheka. Bosi akainua kidevu. Ule uso ulioinuka ulimpa Mama Chiriku nguvu kama uji kwa mzazi.

"Nahodha hakupewa chombo amhurumie mtu mmoja. Kapewa chombo akifikishe. Yeye kaona kijana wake, moyo ukamruka, akasahau mzigo, akasahau walioko ndani, akageuza. Huo ni ushujaa? Kuku naye akiona mwewe anaruka ovyo, na hatumpi cheo."

Wakapiga makofi. Wifi naye alicheka, maana neno lilichekesha.

"Endelea," alisema Bosi kwa upole.

Angeweza kuishia pale. Lakini aliona saa tisa, aliona Chiriku akimkimbilia mlangoni, akaona ile shingo ya jirani, akaendelea.

"Na amempata nani, hebu tuulizane. Kijana hana miguu. Hawezi bawa, hawezi ngazi. Anakaa kwenye kona ya chombo analishwa, na kila mtu anajifanya hamwoni, kwa kuwa wanamwonea haya. Anakula hewa ya wenzake. Nahodha katupa kizima akabaki na kibovu. Mtu wa kufanya hesabu za namna hiyo, leo mumpe vyombo vyote?"

Hakuna aliyepiga makofi. Roli peke yake ilisikika, ikizunguka tupu. Watu walianza kuangalia ndani ya vikombe vyao, isipokuwa dereva, ambaye macho yalimponyoka yakaenda moja kwa moja kwenye aproni ya wifi. Na wifi alikuwa akimsukuma kaa ndani zaidi ya aproni.

Ndipo Mama Chiriku alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Alifungua mdomo aseme ni nahodha tu, tunamsema nahodha, lakini Bosi aliwahi.

"Vibanio," alisema.

Bi Mikunjo alitupa chake kwa nahodha kwa nguvu mpaka kikaruka nje, ikabidi akifuate. Dereva alisitasita, akamtazama Bosi, akatupa kwa Mama Chiriku. Mafundi wa mashine wakafuata njia hiyo hiyo bila kuinua vichwa. Wa mwisho alikuwa wifi. Alipita mbele ya beseni la nahodha, hakusimama. Akainama, akakiweka kibanio chake taratibu kwenye beseni la Mama Chiriku, kama mtu anayeweka yai.

"Umeshinda, wifi," alisema. "Hata mimi umeniingia."

Akarudi kwenye taulo zake.

Baadaye Bosi alimwita Mama Chiriku ofisini, kwenye feni na ubaridi. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

"Unajua nilikuwa na wasiwasi na wewe," alisema. "Mtu aliyesimamisha roli ya moto. Nikajiuliza, huyu nimpe watu? Leo umenijibu mwenyewe. Ungekuwa unafikiri vile siku ile, tungekuwa na kitambaa chetu."

"Bosi, siku ile ni—"

"Jumatatu unaanza zamu ya asubuhi. Hongera." Alifunua kikombe, akapuliza, akakifunika tena. "Kuna jambo moja tu, tuanze vizuri. Yule wa taulo. Nimekaa nalo muda mrefu, sijui nimwambieje. Wewe umelisema vizuri kuliko mimi. Mwambie leo, mkimaliza zamu, kwamba Jumatatu asije. Ukitaka, tumia maneno yako yale yale."

"Yule ni dada wa mume wangu."

"Ndiyo uzuri wake. Litamwingia kwa upole."

"Nilikuwa namsema nahodha, Bosi. Mchezo wa redio."

"Na mimi sijakutukana," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama pamba ya hospitali. "Kama huwezi, sema. Dereva ana binamu yake anayekitafuta kiti hiki. Nawe utabaki pale pale ulipo, tena kwa amani kabisa. Jibu lako ni la sasa hivi."

Mama Chiriku alijitafutia neno la tatu, kati ya ndiyo na hapana, hakulipata.

"Nitamwambia," alisema.

Zamu ilipoisha alimkuta wifi kwenye benchi la kubadilishia nguo, anahangaika kufungua fundo la aproni kwa mkono mmoja. Kila siku Mama Chiriku ndiye aliyemfungulia. Leo alisimama tu.

"Jumatatu nisije," alisema wifi, kampa mgongo. "Usijisumbue. Nilimwona akikuita."

"Wifi, nitaongea naye tena. Nikishakaa sawa kwenye kiti, nitamwambia akurudishe hata kwa nusu siku."

"Nikuulize. Ule mchana ulisimamisha roli kwa nini?"

Mama Chiriku alifikiri. Alitaka kusema kwa sababu nakupenda, na ingekuwa kweli. "Sijui," alisema. "Sikufikiri."

"Ndiyo. Nilishukuru sana kwamba hukufikiri." Fundo lilifunguka hatimaye. Wifi aliikunja aproni kwa kidevu na mkono wa kushoto, akaiweka kwenye benchi, akaipapasa isiwe na mkunjo. "Mbusu mtoto."

Mumewe alipopata habari hakugomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Maneno hayo uliyasema mbele yake?" Alipojibiwa, alichukua mto wake akahamia kulala sebuleni, na tangu hapo akawa anamwambia vitu vya kawaida tu, chumvi, ufunguo, kesho kuna mvua.

Ijumaa iliyofuata, zamu ya asubuhi iliomba kusimama kidogo wasikilize hukumu ya nahodha. Bi Mikunjo wa zamu ya mchana naye alikuwa kwisha ingia, akasimama chini ya redio, kamkazia macho kiongozi mpya bila kupepesa. Baraza lilikuwa limeingia. Mkuu wao alikohoa.

"Zimeni," alisema Mama Chiriku. "Kazi haijaisha."

Hakuna aliyesogea, akaizima mwenyewe.

Saa tisa alikuwa kwa jirani. Jua lilikuwa bado kali na Chiriku alikuwa macho, yuko mlangoni, na alimkimbilia kweli, kama alivyomwona mara nyingi kichwani. Alimbeba mpaka nyumbani, akamwogesha bila haraka, akamkalisha mezani mbele yake na kikombe cha maziwa. Nyumba ilikuwa kimya, mchana mzima ulikuwa wao wawili.

"Kaa yuko wapi?" aliuliza mtoto.

"Kaa amesafiri."

"Namtaka kaa."

Mama Chiriku aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza. Akakunja vidole kwa ndani, akaukokota mkono taratibu kuelekea kwenye kikombe, ukapanda bega dogo lenye unyevu, ukafika sikioni.

Mtoto aliutazama mkono ule. Akaushika, akajaribu kuvikunja vidole zaidi, kimoja kimoja, na kila alipokiachia kilinyooka chenyewe.

"Siyo hivyo," alisema Chiriku, akausukuma mbali.